Mbwa Naye Huishiwa Damu

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba mbwa naye huongezewa damu. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1665, huko Oxford, Uingereza, daktari Richard Lower alitoa damu ya mbwa mmoja akamtilia mwingine, miaka miwili kabla ya majaribio ya kumtilia binadamu. Siku hizi hufanywa katika hospitali kubwa za wanyama. Mbwa wana makundi yao ya damu, tofauti na yetu, kwa hiyo damu hutolewa kwa mbwa mwenzake mkubwa na mzima.

Lakini sisi wa Utete tujiulize: hospitali ya namna hiyo tutaifikia lini? Madaktari wa mifugo hufundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na mbwa aliyeishiwa damu hawezi kungoja safari hiyo. Naye ndiye anayefukuza nguruwe pori shambani wakati sisi tumelala juu ya dungu.

Tupige hesabu. Mnyoo mmoja wa safura ya mbwa waweza kumpotezea hadi sehemu moja ya kumi ya mililita ya damu kwa siku. Minyoo 100 ni mililita 10. Mtoto wa mbwa wa kilo moja ana damu isiyofika mililita 100 mwili mzima! Na minyoo hiyo huipata katika maziwa ya mama yake. Kupe nao humnyonya, tena humwachia vijidudu vinavyoharibu damu.

Wengine husema fedha ya mbwa ni fedha ya mtoto. Katekisimu ya Kanisa, namba 2418, yakataza kumtesa mnyama bure, na pia kutumia kwake fedha iliyopaswa kwanza kuwafaa watu wenye shida. Kwa maoni yetu, dawa ya minyoo haivunji agizo hilo. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hiyo huingia katika ngozi ya mtoto anayetembea pekupeku, vikamwasha vibaya.

Basi tumfunue mbwa mdomo tutazame ufizi. Ukiwa mweupe, tumwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Watoto wa mbwa waanze dawa wakiwa na wiki mbili, kwa kipimo atakachotoa yeye. Kupe tuwaondoe kwa mkono. Dawa ya kupulizia mikorosho tusimmwagie kamwe, itamwua. Na kinyesi chake kifukiwe mbali na wanapocheza watoto.