Chombo cha Meno ya Bibi



Ndugu msomaji, Ramadhani moja nyumbani kwetu, bibi alipokwisha kula daku alivua meno yake ya bandia, akayafunga kwenye tishu na kuyaweka ukingoni mwa sinia. Sinia likaondoshwa, mabaki yakamwagwa, na ile tishu ikaenda nayo jaani. Tulipotanabahi, gari la taka lilikuwa limekwisha pita.

Bibi hakumlaumu mtu. Lakini kila magharibi, sisi tukila sambusa na mahamri, yeye alikunywa uji, na akizungumza alijiziba kinywa kwa upindo wa leso. Kilichomuumiza zaidi si njaa, bali haya. Nasi tulijua kosa ni letu: nyumba imejaa vyombo, na hakuna hata kimoja tulichomtengea kwa meno yake.

Chombo hicho kiweje? Kiwe na kina cha kutosha meno yazame yote majini, na mdomo mpana ili vidole vyenye maumivu ya viungo viyatoe bila taabu. Kiwe na kifuniko cha kuzuia vumbi, sisimizi na mende, ila kisiwe kigumu kufungua. Plastiki imara yafaa kuliko bilauri. Bilauri huvunjika, tena maji yaliyomo hufanana na maji ya kunywa. Mjukuu mwenye kiu aweza kuyanywa, na yakiwa yametiwa dawa yatamdhuru. Epuka pia makopo matupu ya siagi, kwani hayo ndiyo hutupwa kwa makosa. Chagua rangi isiyofanana na vyombo vya jikoni, isiyoonyesha kilichomo. Hiyo nayo ni sitara.

Kabla ya kulala, meno yasuguliwe kwa brashi laini, kisha yalazwe katika maji safi ya baridi. Yakikauka huweza kupoteza umbo, na maji ya moto huyapinda yasikae tena sawasawa kinywani. Ikitumiwa dawa ya kuyalowekea, maelekezo yafuatwe, na asubuhi yasuuzwe vyema kabla ya kuvaliwa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isitumiwe, hasa meno yakiwa na vishikizo vya chuma, kwani huharibika. Kulala bila meno huzipumzisha fizi na kupunguza maambukizi ya ukungu kinywani.

Chombo chenyewe kisisahauliwe. Maji yamwagwe kila siku, kioshwe kwa sabuni na kikaushwe, kwani utelezi unaoshika kuta zake ni maskani ya vijidudu. Kisha kiwe na mahali pamoja panapojulikana na kila mtu nyumbani, pasipofikiwa na watoto, wala si karibu na sinia la chakula.

Dada yangu, bei ya chombo hiki ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kutengeneza meno mapya, na majuma ambayo mzee huyasubiri huku akijificha uso. Usimnunulie kimyakimya ukamwekea. Nenda naye, achague mwenyewe rangi aipendayo, ajaribu kifuniko kwa mikono yake. Kumwacha achague ni sehemu ya kumheshimu.

Allah awape wazee wetu afya na sitara, nasi atujaalie wepesi wa kuwahudumia. Amin.

Wassalaamu alaykum.