Washauri na Nyanda za Basotu

Vijana wetu wa Visiwani waliosoma wanaitamani sana kazi ya ushauri wa kimataifa: mwaka huu Bangkok, mwakani Jakarta, mwaka wa tatu Manila. Hatuwalaumu, riziki haina mpaka. Lakini tunawataka, wao pamoja na wakubwa wanaoajiri washauri, waitazame kwanza Hanang.

Huko Basotu, tangu miaka ya 1970 hadi 1993, wataalamu wa Kanada walishirikiana na shirika letu la NAFCO kulima ngano. Mashamba saba, yapata ekari 100,000! Walikuwa mabingwa wa kazi yao, na ngano tuliihitaji. Hata chapati za Unguja hazipikwi kwa maneno. Ila nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig na makaburi ya wazee wao, na trekta zikapita juu yake. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Walioshitakiana ni wananchi na shirika lao wenyewe. Mshauri, mkataba ukiisha, hufunga virago.

Jirani tu, Mbulu, Wairaqw wamehifadhi udongo wa milimani kwa matuta na samadi tangu enzi za mababu. Hatujasikia wakiitwa washauri.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali isitie saini mkataba wowote wa ushauri kabla wenyeji hawajasikilizwa kwa lugha yao, na jina la mzalendo atakayeachiwa kazi liandikwe humo.