Mgrevilea Si Kuni

Liko neno ambalo husemwa kwa sauti ya mtu mwenye hakika, nalo limekwisha kutuchosha masikio. Husemwa ya kwamba huku milimani hakuna mbao za kufanyia samani za heshima, na ya kuwa mtu atakaye kabati zuri sharti anunue lililotoka ng'ambo. Neno hili husemwa hapa Sigowet, mahali ambapo migrevilea imesimama mipakani mwa mashamba ya chai. Mara nyingi msemaji wake huwa katika kivuli cha mti anaoukana.

Mti huo, msomaji, asili yake ni mashariki ya Australia. Uliletwa Afrika ya Mashariki kuwapa kivuli mibuni na michai, kisha wakulima wakaupenda kwa sababu hukua upesi. Huko kwao, jimboni Queensland, mafundi wa mwanzo wa karne ya 20 waliufanyia meza na makabati, na vitu hivyo leo hutunzwa kama urithi. Sisi tumeufanyia nini? Tunauuza ungali umesimama, kwa bei apendayo dalali. Mbao zake hushikilia zege bichi siku chache kisha hutupwa, na matawi hutiwa jikoni.

Ukitaka kujua kilichouzwa, chukua gogo lake, ulipasue toka gandani kuelekea moyoni, kisha upige randa uso wa ubao. Utaona mabaka yang'aayo kama hariri, yanayobadilika kila uusogezapo ubao kwenye nuru. Ndiyo maana huko Australia uliitwa mwaloni wa hariri, ingawa si jamaa ya mwaloni hata kidogo. (Vumbi lake huwawasha ngozi watu wengine, fundi na ajifunike mikono.)

Uingereza nayo iliwahi kuugua ugonjwa huu wetu. Katika karne ya 19 viwanda vyake vilijaza nyumba samani zenye mapambo mengi na uimara mdogo. William Morris na wenzake wakapinga, na mwaka 1887 kikaanzishwa London Chama cha Maonyesho ya Sanaa na Ufundi. Huko Marekani, Gustav Stickley alitoa gazeti toka 1901 hadi 1916, likiwa na michoro ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifuata nyumbani kwake. Sheria yao ilikuwa nyepesi kusema: kiungo kisifichwe. Ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la mguu, hutokeza upande wa pili, nawe wauona unavyofanya kazi. Wengine walitumia mwaloni. Ernest Gimson alipenda pia jozi, mti uliopatikana nchini mwake. Ni kweli kwamba wanunuzi wa Morris walikuwa matajiri, na jambo hilo lilimuudhi mwenyewe. Lakini ulimi na tundu havikuhitaji utajiri. Vilihitaji patasi kali na subira.

Sasa tazama lile kabati la ng'ambo. Ni chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, zikavikwa karatasi yenye picha ya mti. Tumeuza mti, tukanunua picha yake! Masika yakifika, unyevu hupanda miguuni, chembe huvimba, skrubu hukosa pa kushika, wala hakuna fundi awezaye kulitengeneza.

Wala simtetei seremala wetu anayepigilia misumari mbao zilizotoka msumenoni jana. Ubao wa inchi 1 hutaka kama mwaka mzima chini ya paa, umepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Ubao mbichi husinyaa katika upana wake, lakini katika urefu hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Basi uso wa meza uliobanwa pande zote hauna budi kupasuka. Mnunuzi huona ufa, akalaumu mti. Mti haukukosa, ulioshindwa kungoja ni mkono.

Nawe, mwanafunzi, umeambiwa kwamba useremala ni wa walioanguka mitihani. Mwenye kusema hivyo hajawahi kupima pembe ya mguu wa kiti unaolala nyuma, wala kukadiria ubao utasinyaa kiasi gani kabla ya kuchimba tundu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichanga fedha kujenga karakana. Baadaye masomo ya mikono yakapunguzwa, na karakana nyingi zikageuka ghala. Babu zetu Wakipsigis walichonga kigoda kwa gogo moja, bila msumari, na hakuna aliyemwita mchongaji mtu aliyeshindwa.

Utaniuliza bei. Kiti cha ulimi na tundu kina kazi ya siku nyingi, na bei yake haiwezi kuwa ndogo. Lakini kabla ya kukiita ghali, geuza kiti ukaliacho darasani, uhesabu misumari iliyopigiliwa juu ya misumari, kisha muulize mtunza stoo kimetengenezwa mara ngapi.