Mkulima wa Tshopo Apewe Kiti Barazani

Tarehe 24 Desemba mwaka 2011 nchi yetu ya Kongo ilipata sheria ya misingi ya kilimo, na miongoni mwa mambo yaliyoandikwa ndani yake limo moja la insafu kubwa, nalo ni kuundwa kwa mabaraza ya ushauri wa kilimo katika taifa, katika jimbo na mahali wakaapo watu, ili wakulima, ambao tangu zama za mababu zao walizoea kuamuliwa kila kitu, wapate kukaa pamoja na watumishi wa serikali na kutoa rai zao kabla ya neno la mwisho kusemwa. Hata kabla ya sheria hiyo yalikuwapo mabaraza ya teritwari yaitwayo CARG, yaliyoanzishwa kwa nia iyo hiyo. Basi kushiriki kwa mkulima katika mashauri ya kilimo si hisani aiombayo, bali ni haki aliyokwisha kuandikiwa. Nadai kwamba haki hiyo itimizwe katika jimbo la Tshopo, kutoka Banalia mpaka Opala na kutoka Bafwasende mpaka Yahuma, na itimizwe pale kazi yenyewe inapotendeka, yaani kijijini, mbele ya mwenye jembe.

Jimbo letu haliwezi kutoa udhuru wa ukosefu wa elimu. Mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Kisangani, ukiteremka mto, uko Yangambi, ambako taasisi ya uchunguzi wa kilimo ya INEAC iliasisiwa mwaka 1933 na kupata sifa ya kuwa mojawapo ya vyuo vikubwa vya maarifa ya mimea ya nchi za joto, nayo INERA ndiyo iliyorithi kazi yake baada ya uhuru. Iko ndizi ijulikanayo na wataalamu wa dunia nzima kwa jina la Yangambi Km 5, yenye sifa ya kustahimili maradhi ya majani yaangamizayo migomba ya aina nyingine. Kisangani kwenyewe kuna Chuo Kikuu na kuna taasisi ya elimu ya kilimo ya IFA-Yangambi, isomeshayo vijana wanaoitwa maagronomu. Jimbo lenye hazina kama hii, ambalo juu ya hayo halikunyimwa mvua wala ardhi, halistahili kuwa na mkulima alimaye muhogo mgonjwa mwaka hata mwaka bila ya kujua ugonjwa huo huingia shambani kwa njia gani.

Sababu moja ya masafa hayo baina ya maabara na shamba imo katika tarikhi. Amri ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao waliyochaguliwa na wakubwa kwa siku sitini kila mwaka, na aliyekaidi alitozwa faini au alitiwa gerezani. Pande zetu watu walishurutishwa kulima mpunga na pamba, na mtu aliyekuja kukagua mistari ya mashamba hakuwa mwalimu machoni pao, alikuwa mkono wa dola. Baadaye, katika nchi ya Waturumbu jirani na Yangambi, wataalamu walipima kanda za mashamba zikipishana na kanda za msitu, na ingawa mpango ule ulikiri jambo ambalo wazee walilijua dahari, kwamba ardhi ya msitu haina budi kupumzishwa ili irudishe rutuba yake, kamba ya kupimia ilikuwa mkononi mwa mwingine, na mwenye ardhi alionyeshwa ukanda wake na kuambiwa alime. Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini desturi ya kumfanya mkulima msikilizaji tu haikuondoka. Mgeni huja na zao lake, na mbegu yake, na karatasi yake ya kuhesabu waliohudhuria, kisha huenda zake.

Na tulitazame zao moja kwa karibu, tuone hasara ya desturi hiyo. Muhogo ulioshikwa na batobato, au mozaiki kama wasemavyo maagronomu, hujulikana kwa majani yaliyojikunja na kupata mabaka ya manjano, na mzizi wake hudumaa. Ugonjwa huu huenezwa na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, lakini zaidi ya hao huenezwa na binadamu mwenyewe, akatapo pingili za shamba la mwaka jana na kumgawia jirani kwa wema wa moyo. Jambo hili mkulima hawezi kuligundua kwa macho peke yake, kwa kuwa pingili yaweza kuonekana nzima ilhali imebeba maradhi, na kwa hiyo nasema wazi kwamba kumshirikisha mkulima si kumsifu kuwa anajua yote. Anamhitaji mtaalamu.

Lakini mtaalamu naye anamhitaji, na tena sana. Katika nyumba zetu muhogo si mzizi tu. Majani yake ndiyo sombe, kitoweo cha kila siku cha tajiri na maskini. Mwanamke apelekewapo mbegu mpya hutazama kama jani lake ni laini na kama huiva upesi, huuliza mzizi hulowekwa siku ngapi kabla ya kufaa kwa chikwange, na zaidi ya yote huuliza kama muhogo huo waweza kungoja ardhini bila kuoza mpaka siku atakapohitaji fedha za ada ya shule. Mizani ya kituo cha uchunguzi hupima uzito wa mizizi, wala haina mahali pa kuandika maswali hayo. Mbegu yenye mavuno mengi na majani machungu itapokewa kwa adabu, itapandwa pembeni mwa shamba, na itasahauliwa, kisha ripoti itaandika kwamba wakulima ni wagumu wa kubadilika. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Namna ya kuzikutanisha elimu hizi mbili si jambo la kubuniwa upya. Mwaka 1989 huko Indonesia, wakulima wa mpunga walioharibiwa mashamba na wadudu walianza kukutana katika shamba darasa, wakahesabu wenyewe wadudu waharibifu na wadudu walao waharibifu hao, wakalinganisha vipande viwili vya shamba, na wakaamua pamoja lini dawa inafaa na lini ni kutupa fedha. Baada ya miaka kumi hivi utaratibu huo ulikuwa umekwisha kufika magharibi ya Kenya, Uganda, na Bukoba katika Tanzania. Ubora wake ni kwamba mkulima haambiwi asadiki. Huona, hupima, hubishana na mwenzake, na jawabu alilolifikia kwa macho yake haliondoki siku mradi unapoondoka.

Uganda ilisonga mbele zaidi. Sheria yao ya mwaka 2001 iliunda huduma ya NAADS, ambayo ndani yake vikundi vya wakulima vilichagua mazao ya kushughulikiwa na kuwa na kauli juu ya washauri waliolipwa kuwahudumia. Ulikuwa ujasiri wa kusifiwa, lakini haukusalimika, kwani yalizuka malalamiko kwamba wenye uwezo walijitwalia manufaa, na kuanzia mwaka 2014 kazi ya kugawa mbegu na miche ikatiwa mikononi mwa wanajeshi. Tusome mafunzo yote mawili: kwamba wanakijiji waweza kupewa mamlaka juu ya washauri wao, na kwamba mamlaka hayo yasipolindwa kwa uwazi hunyakuliwa na wachache, na yakisha kunyakuliwa, serikali hupata kisingizio cha kuyarudisha kwake.

Hatari hiyo ipo kwetu vilevile. Kila mradi utangazwapo huzaliwa vyama vyenye muhuri na mwenyekiti lakini visivyo na shamba, na mkutano uitwao wa wakulima hujaa jamaa za wakubwa. Wanawake, ambao ndio wapandao, wapaliliao na wapelekao mizigo sokoni, hukaa nyuma wakati wanaume wanapojibu kwa niaba yao. Ushiriki wa namna hiyo ni dhuluma iliyovikwa nguo ya haki, na si ajabu wakulima wa kweli wakiukimbia.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, kabla ya kila msimu wa kupanda, agronomu wa sekta aitishe mkutano wa hadhara katika kila grupema, kwa Kilokele, Kiturumbu, Kitopoke, Kimbole au lugha yoyote iliyo ya wenyeji, na maswali ya wakulima yaandikwe hapo hapo na kupelekwa Yangambi na Kisangani ili yawe sehemu ya kazi ya wachunguzi. Pili, mbegu mpya ijaribiwe kijijini kando ya mbegu ya wenyeji, na wanawake wawe waamuzi wa jani na wa chungu kama mtaalamu alivyo mwamuzi wa ugonjwa. Tatu, nusu ya viti vya baraza la mahali viwe vya wanawake, na wawakilishi wachaguliwe mbele ya watu wote. Nne, mwisho wa msimu agronomu asome taarifa yake mbele ya kijiji kabla ya kuipeleka kwa mkuu wake, na kijiji kiwe na haki ya kuisahihisha.

Nalo la tano ni deni la serikali. Agronomu asiyelipwa mshahara stahiki, asiye na baiskeli wala nauli ya mtumbwi, hawezi kulaumiwa kwa kutoonekana Opala, na baraza lisilo na fungu lake katika bajeti ya jimbo litabaki kuwa jina. Mwaka 2003 huko Maputo wakuu wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti za nchi zao kwa kilimo. Wabunge wa jimbo letu, watakapokaa kuijadili bajeti ijayo, waulizwe hadharani ni kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya mabaraza ya kilimo ya teritwari zetu saba, na wakulima wawepo ukumbini kulisikia jibu.