Upepo wa Ziwa Victoria hauulizi pasipoti

Mvuvi wa tanga katika Ziwa Victoria husafiri kwa pepo mbili. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukavuma kuelekea ziwani na kumpeleka kwenye sangara. Mchana hugeuka, ukamrudisha mwaloni.

Tatizo ni kwamba pepo za usiku hutoka kila upande na kukutana ziwani. Hewa yenye unyevu hupanda, na kabla ya alfajiri radi huanza. Ndiyo saa ambayo mvuvi wa dagaa (omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda) yuko mbali na ufukwe na taa zake, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Kumwambia abaki nyumbani ni rahisi kwa asiyedaiwa petroli.

Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya ziwa. Mashine ikizima dhorubani, upepo wa mashariki unaweza kumfikisha Mkenya katika maji ya Uganda kabla hajapata msaada. Akikutana na doria, swali la kwanza lisiwe leseni.

Wakuu wa nchi hizi tatu wanajua kukubaliana. Tangu 1994 wana Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, linalooanisha kanuni za samaki na nyavu. Samaki ana kanuni ya pamoja. Mvuvi aliyesukumwa na dhoruba naye astahili yake: apokewe, aandikishwe, aachiwe arudi na chombo chake. Watakaosema wavuvi haramu watajificha nyuma ya dhoruba wana hoja, ila nyavu haramu huonekana kwa macho, na saa ya dhoruba haifichiki.

Kwa utabiri, kazi imeanza. Mradi wa HIGHWAY, uliozinduliwa 2017, ulizikutanisha mamlaka za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kilichobaki ni mwaloni: bendera nyekundu ikipandishwa Muhuru Bay, ipandishwe na Shirati, kilomita chache tu ng'ambo ya mpaka. Na iwepo namba moja ya simu ya uokoaji, inayopokelewa Kisumu, Entebbe na Mwanza, kwa Kiswahili, hata saa tisa usiku.