Pua ya Gari Haivuki Korongo

Anayetaka gari la kulala ndani yake, limfikishe Jangwa la Chalbi, Ziwa Natron au nyuma ya Mlima Kulal, atashauriwa na karibu kila mtu anunue Land Cruiser. Gari la porini, wanasema, lazima liwe na pua: boneti ndefu mbele, injini chini yake, dereva nyuma ya vyote viwili. Malori madogo yenye uso bapa, ya jamii ya Canter na Isuzu, hudharauliwa kuwa ni ya kubebea saruji na kabichi. Imani hii inatazama sura ya gari, ilhali kinachoamua safari ya namna hiyo ni uzito, na watu wanaoifuata wanaingia gharama kubwa kwa kosa hilo moja.

Tupige hesabu. Pikapu ya Land Cruiser 79 imeundwa kubeba takriban tani moja. Nyumba ndogo ya faiba au ya bati na fremu zake hula nusu ya hiyo kabla hakijaingia hata kijiko. Maji lita 150 ni kilo 150. Dizeli ya akiba, friji, betri, tairi mbili za ziada, winchi, vyakula na watu wawili humaliza kilichobaki, na mara nyingi huvuka. Gari limeshajaa kabla ya kutoka getini, kisha linapelekwa kwenye barabara ya matuta kwa siku kumi mfululizo. Springi zinakatika, chesisi inapinda nyuma ya kabini, na mwenye gari anailaumu barabara. Canter FG inayovuta kwa magurudumu yote manne, ile inayopendwa na wasafiri wa Australia, inaruhusiwa takriban tani 6 kwa jumla, na yenyewe ikiwa tupu ni kama nusu ya hapo. Ukiipakia mzigo uleule bado inabaki na nafasi ya kupumua. Tena, kwa kuwa dereva amekaa juu ya injini, urefu wa nyuma wote ni wa nyumba: mtu anasimama wima, anapika, analala, ndani ya gari lisilozidi sana urefu wa pikapu. Na dereva huyo huona ardhi karibu kabisa na bampa, jambo lenye thamani kubwa gari linapofika ukingo wa korongo, pale ambapo boneti humwonyesha mwenzake mbingu tu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya malori haya ni mgongo wa dereva. Kiti kiko juu ya ekseli ya mbele au mbele yake kidogo, kwa hiyo kila shimo linampiga yeye kwanza. Hili ni kweli, na ushahidi wake uko kwenye mashindano ya Dakar. Karel Loprais alishinda huko upande wa malori mara sita kati ya 1988 na 2001 akiendesha Tatra ya uso bapa. Lakini Gerard de Rooy alishinda 2012 na 2016 kwa Iveco yenye pua, inayomkalisha dereva nyuma ya ekseli. Sikatai somo hilo. Ila hao hukimbia kupita kilomita 100 kwa saa juu ya matuta ya mchanga. Mwenye nyumba mgongoni anatambaa kwa 30 au 40, na kwa mwendo huo kiti chenye springi nzuri, shokapu za maana na kupunguza upepo wa tairi vinatibu sehemu kubwa ya maumivu.

Usalama wa ajali ya uso kwa uso ni suala jingine, na hapa sina la kuyatetea malori haya: hakuna chuma kirefu mbele ya magoti yako. Anayekwenda mbio kwenye lami kila siku ana haki ya kulikataa lori kwa sababu hiyo pekee. Vipuri navyo husifiwa kupita kiasi. Ndiyo, kila mji wenye soko una fundi anayeijua Canter, lakini nyingi alizozizoea huvuta kwa nyuma tu. Difu ya mbele ya FG hataipata dukani kwa jirani. Tairi mbilimbili za nyuma nazo hubana mawe kati yake na hazifuati njia iliyokanyagwa na za mbele kwenye mchanga, hivyo wajuzi huzibadilisha kwa tairi moja pana kila upande. Na nyumba isifungwe kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, maana chesisi ya lori hujipinda kwa makusudi. Isiposhikiliwa kwa springi au egemeo linalozunguka, kuta zitapasuka.

Linabaki tope jeusi la mbuga. Huko, mvua ikinyesha, tani 5 huzama pale tani 2 na nusu zinapoteleza na kupita, na vivyo hivyo vijia vya milimani vyenye matawi ya chini havilifai lori refu. Anayetaka njia hizo achukue Land Cruiser, lakini abebe hema la kawaida, maji ya siku mbili na sufuria moja, na nyumba aiache nyumbani.