Kabla ya Seti ya Dhahabu, Ulizia Matairi



Kila msimu wa harusi wapo maharusi wetu wanaofunga safari ya ng'ambo kuwafuata waume zao: Sweden, Norway, Kanada, Marekani. Nyumba nzima hushughulika. Mama anahesabu kanga, shangazi anatafuta udi mzuri, somo anamfunda mwari namna ya kukaa na mume. Dhahabu inajadiliwa wiki nzima. Leo nina langu la kuongeza, na najua baadhi yenu mtacheka: muulizeni bwana harusi gari lake linasukumwa na magurudumu ya mbele au ya nyuma, na ikifika baridi analivisha matairi gani.

Si mzaha. Katika miji mingi ya huko theluji na barafu hukaa miezi minne au mitano. Gari ndilo linalompeleka mwanamke kliniki akiwa mjamzito, ndilo linalompeleka msikitini, dukani, na shuleni kwa watoto. Asiyeweza kutoka anageuka mfungwa wa dirishani, na anayetoka na gari lisiloandaliwa anaiweka roho yake na za wanawe hatarini. Mambo mawili haya yanawapata wageni wengi, na yote mawili yana dawa.

Tuanze na gari lenyewe. Vijana wetu wa huko wanapenda BMW na Mercedes za mtumba. Mengi ya magari hayo, kama zilivyo Toyota Mark II na Crown tunazozijua hapa, nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Injini iko mbele, kwa hiyo uzito mkubwa uko mbele na nyuma ni kwepesi. Kwenye lami kavu huoni tofauti. Kwenye theluji, gurudumu jepesi linalosukuma huzunguka bure, gari halisogei. Aliyewahi kuendesha Mark II kwenye tope la masika njia za shamba anaelewa ninachosema. Hatari zaidi ni kwenye kona: ukikanyaga mafuta kwa pupa, nyuma inachepuka na kutaka kuipita mbele, na kufumba na kufumbua umeelekea ulikotoka.

Je, amkatae mchumba kwa sababu ya gari? Hasha. Wasweden wenyewe waliendesha Volvo 240 kuanzia mwaka 1974 hadi 1993, gari la kusukumwa nyuma, katika nchi ya theluji, na walizeeka nalo. Wao walijua siri moja: tatizo kubwa si gari, ni matairi.

Tairi la kawaida limetengenezwa kwa joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake huanza kukakamaa, hata kama barabara haina theluji. Tairi la baridi lina mpira laini zaidi na mikato midogo midogo mingi inayoing'ata theluji. Utalitambua kwa alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Usiridhike na herufi M+S peke yake, kwa sababu herufi hizo hazithibitishi kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haikubali tena M+S bila ile alama ya mlima.

Dada yangu, yawe manne. Wapo wanaume wanaobana matumizi wakafunga mawili tu nyuma kwa hoja kwamba ndiyo yanayosukuma. Sawa, gari litaondoka, lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki. Utaondoka vizuri na utashindwa kusimama. Na anayekwambia gari lake linavuta magurudumu yote manne, kwa hiyo halihitaji matairi ya baridi, mwambie kwa heshima kwamba kuvuta manne kunasaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi.

Mkiwa dukani, hasa kwa matairi ya mtumba, angalia vitu viwili. Kwanza kina cha mikato: sheria ya Sweden inataka tairi la baridi lisipungue milimita 3. Pili umri: tafuta tarakimu nne ubavuni, 3521 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Ama matairi yenye misumari, ni mazuri kwenye barafu, lakini uliza sheria ya mahali unapokwenda. Sweden yanaruhusiwa kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 15, Ujerumani yamepigwa marufuku, na Ontario yanaruhusiwa kaskazini tu.

Sheria pia hazifanani. Quebec ni lazima matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, theluji iwepo isiwepo. Sweden ni Desemba 1 hadi Machi 31, barabara ikiwa katika hali ya baridi. Ontario hakuna lazima, lakini tangu 2016 kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia ada aliyeyafunga. Na leseni yako ya nyumbani haidumu: Ontario unaitumia siku 60 tu baada ya kuhamia, Sweden mwaka mmoja. Uzuri wa Sweden ni kwamba kila anayetafuta leseni ya gari dogo lazima apite mafunzo ya utelezi kwenye uwanja maalumu. Nenda, usione haya.

Uendeshaji wenyewe kauli yake ni moja: taratibu. Ondoka kwa mafuta kidogo, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona, na muachie wa mbele yako nafasi mara kadhaa ya uliyoizoea. Nyuma ikichepuka, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na uzungushe usukani kuelekea huko huko. Usitazame nguzo unayoiogopa, maana mikono hufuata macho. Ikibidi kusimama ghafla na gari lina ABS, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. Pedali itatetemeka, ndiyo kazi yake. Wengine huweka mifuko ya mchanga kwenye buti kuipa nyuma uzito. Inasaidia kidogo, ila ifungwe isirukeruke, na isiwe badala ya matairi. Ukikwama, mchanga huo huo umwage mbele ya gurudumu. Na kabla ya kuwasha injini kwenye gari lililofunikwa na theluji, fukua kwanza bomba la moshi. Likiziba, gesi yenye sumu inaweza kuingia ndani, nayo haina harufu ya kukuonya.

Kwetu sisi wenye stara kuna la ziada. Pindo la buibui lisifike chini ya pedali. Likusanye magotini kabla ya kuondoka. Mtandio ubanwe vizuri usikuzibe macho ya pembeni. Buti nene za theluji zibadilishe uvae viatu vyembamba unapoendesha. Mtoto mvue koti nene kabla ya kumfunga mkanda, kisha mfunike nalo juu. Koti likibaki ndani, mkanda haumshiki.

Sasa yale maneno ninayoyajua yatakuja. Kuna mama atasema, "Mwanangu, mtegemee Mungu." Tunamtegemea, na dua ya safari hatuiachi. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano makuu ya sheria yetu. Mwingine atasema kumuuliza mchumba habari za matairi ni tamaa. Matairi manne kwa kawaida hayafikii bei ya seti ya dhahabu, na hiyo dhahabu hatuoni haya kuitaja mbele ya wazee. Mwingine atasema, "Mume wake atampeleka." Mume huyo huenda anafanya kazi zamu ya usiku, na uchungu wa uzazi hauna zamu.

Nafaka ya mke ni chakula, mavazi na makazi kwa ada ya mahali. Kwa maoni yangu, mahali ambapo ada ni baridi, koti na tairi vina haki ya kutajwa katika mazungumzo ya posa. Hukumu yenyewe waulizeni mashekhe wenu. Mimi naomba jambo jepesi tu: lisemwe mapema, kwa adabu, kupitia kwa baba au mjomba, kabla ya tiketi kukatwa. Mwanamume muungwana hatachukia. Atafurahi kujua kwamba anaoa mwanamke anayefikiria kurudi nyumbani salama.

Mwenyezi Mungu awahifadhi maharusi wetu wote, walio karibu na walio mbali, awajaalie mapenzi na rehema baina yao.

Wabillahi tawfiq.